Kinga Inapogeukia Mayelini: hotuba nzima kwa ambao hamkuwepo

(Mliokosa kikao mmeomba sana, basi hii hapa yote kama ilivyosemwa. Slaidi nimeziacha.)

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana huko nyuma mambo vipi.

Najua humu ndani tumechanganyika. Kuna wenye maltipo sklerosisi wenyewe, huu ugonjwa tunaoufupisha MS, kuna waliomleta ndugu yao, kuna wanafunzi wa udaktari waliofuata cheti cha kuhudhuria, msicheke nawajua. Nitaongea na wote kwa lugha moja. Nikipotea kwenye majina marefu mtu apige makofi nirudi.

Swali lililotuleta hapa ni hili: hivi inakuwaje kinga ya mwili, kitu ambacho kazi yake ni kukulinda, inaingia kwenye ubongo wako na kuanza kuua seli zako mwenyewe? Na kwa nini seli hizo, sio zingine?

Watu hukimbilia kumwongelea anayeshambulia. Mimi naomba tuanze na anayeshambuliwa, manake ukimjua huyo nusu ya ugonjwa umeshaielewa.

Anaitwa oligodendrosaiti. Jina refu ndio, zoeeni. Ni seli inayokaa ndani ya ubongo na uti wa mgongo, ina mikono mingi membamba, na kila mkono unaenda kushika uzi wa neva na kuuzungushia utando wake tabaka juu ya tabaka juu ya tabaka mpaka panatokea ganda nene la mafuta na protini. Ganda hilo ndo mayelini. Seli moja inaweza kuvisha vipande hadi karibu 50 vya nyuzi tofauti, kwa hiyo ikifa seli moja, zinazobaki wazi ni sehemu nyingi kwa mpigo. Hilo liwekeni akilini.

Sasa nani aliiona kwanza? Hapa kuna kisa. Madrid, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na mkubwa mmoja wa sayansi ya ubongo anaitwa Santiago Ramón y Cajal, Nobel alishapata 1906, neno lake ndo lilikuwa neno. Cajal kwenye maikroskopu aliona neva vizuri, akaona na seli zingine zenye umbo la nyota, lakini kulikuwa na kundi la tatu ambalo rangi zake hazikuweza kulionyesha sawasawa. Kwenye maabara hiyohiyo akaja Pío del Río-Hortega, akatumia rangi ya madini ya fedha aliyoitengeneza mwenyewe, na lile kundi la tatu likafunguka, kumbe halikuwa moja, yalikuwa mawili. La kwanza akaliita maikroglia, mwaka 1919. La pili ndo hizi oligodendrosaiti, akazieleza 1921. Mkubwa hakufurahi hata kidogo, walishakosana, na Río-Hortega alishaondolewa kwenye ile maabara kabla hata hajamaliza habari ya hili kundi la pili. Baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamtoa Hispania kabisa, akafia Buenos Aires mwaka 1945.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu seli mbili alizozitenganisha mtu yuleyule, kwa rangi ileile, ndo hizohizo ambazo ndani ya MS moja inashiriki kumla mwenzake. Maikroglia ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo. Tutazikuta mbele.

Mayelini inafanya nini? Mwendo. Neva isiyo na mayelini inapeleka ishara kwa spidi ya kama mita 1 au 2 kwa sekunde, hapo unatembea nayo bega kwa bega. Yenye mayelini nzuri na uzi mnene inafika mita 100 kwa sekunde na kuzidi. Tofauti hiyo inatoka wapi? Ganda halifuniki uzi wote, linaacha vipenyo vidogovidogo vilivyo wazi, Louis Ranvier wa Ufaransa alivieleza miaka ya 1870, na ishara ya umeme badala ya kutambaa inaruka kutoka kipenyo hiki hadi kile. Sasa toa ganda. Ishara inafika ikiwa imechelewa, au inafika nusu, au inafia njiani. Ikifia kwenye neva ya jicho unaona ukungu, ikifia kwenye uti wa mgongo miguu inagoma au kibofu kinagoma.

Mmeshasikia mayelini ikifananishwa na ile plastiki ya waya wa umeme. Nami natumia, sio mfano mbaya, ila unadanganya sehemu moja na ni sehemu muhimu kuliko zote. Plastiki haiilishi shaba. Ukiibandua, shaba inabaki shaba. Oligodendrosaiti INALISHA uzi wa neva. Mwaka 2012 tafiti zilionyesha kwamba seli hizi zinaipa neva lakteti, ni nishati hiyo, manake uzi uliofungwa pande zote hauna njia nyepesi ya kujilisha wenyewe. Kwa hiyo ikifa oligodendrosaiti, uzi haujabaki uchi tu, umebaki na njaa. Na uzi wenye njaa ukikaa muda mrefu unakufa, na uzi wa neva kwenye ubongo ukishakatika haurudi. Haurudi.

Haya. Tumemjua anayeshambuliwa. Shambulio lenyewe linaanzaje?

Wengi tunadhani linaanzia kwenye ubongo. Hapana jamani. Linaanzia nje, na ushahidi wa kwanza ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anautafuta, kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mwaka 1885 Louis Pasteur alianza kuwachoma watu chanjo iliyotengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, uliokaushwa. Iliokoa watu wengi sana, hilo tusiliguse. Lakini baada ya miaka ikaonekana kuna wachache waliochomwa ambao walipooza, na haikuwa kichaa cha mbwa, ilikuwa kitu kingine. Wakagawanyika, hawa wanasema ni virusi, wale wanasema hapana, ni zile nyama za ubongo na uti zilizomo ndani ya sindano. Thomas Rivers na wenzake pale Taasisi ya Rockefeller, New York, wakaamua kupima. Wakachukua nyani, wakawachoma tena na tena ubongo wa sungura mzima asiye na ugonjwa wowote. Hakuna virusi humo. Mwaka 1933 wakatangaza: baadhi ya nyani wamelegea na kupooza, na ukikata ubongo wao unakuta kumevimba na mayelini imebanduka.

Hebu tulieni hapo kidogo. Hakuna kijidudu. Hakuna sumu. Mwili umefundishwa tu, kupitia sindano ya begani au ya pajani, kwamba vitu vya ubongo ni adui, na ukaenda kuushambulia ubongo wake wenyewe.

Nani alifundishwa? Nusu karne nzima watu walibishana. Mwaka 1981 Avraham Ben-Nun, Hartmut Wekerle na Irun Cohen walikuza kwenye maabara seli T, ni seli nyeupe za damu hizi, walizozichagua kwa sababu zinatambua protini moja ya mayelini. Wakawachoma panya wazima hizo seli tu. Si kingamwili, zile protini za kinga zinazonata kwa adui, si nyama ya ubongo. Panya wakaumwa. Hapo mchezo ukabadilika, seli T peke yake inatosha kuwasha moto.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huwa linawashtua watu. Wewe uliyekaa hapo, mzima wa afya, huna MS wala ndugu mwenye MS, una seli T zinazotambua mayelini. Ndio, wewe. Tezi ya thaimasi hapa kifuani inazichuja seli T changa na kuziua zile zinazogombana na mwili, lakini mchujo haukamati zote, kuna zinazoponyoka, kila mtu anazo. Hazifanyi kitu, zinazurura tu kwenye damu, kwa sababu kuna seli T zingine ambazo kazi yake ni kuzituliza. Hao watulizaji ndo waliowapa Nobel ya 2025 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi. Kwa hiyo swali la MS sio "kwa nini zipo?", zipo kwa wote. Swali ni nani kaziamsha, na kwa nini watulizaji wameshindwa.

Zikishaamshwa, huko nje kwenye tezi za limfu au kokote, zinaingia kwenye damu zimebadilika. Seli T iliyolala haiwezi kupita kirahisi ule ukuta kati ya damu na ubongo. Iliyoamka inapita. Juu yake ina protini ya kunata inayoitwa integrini, inaikamata sehemu yake kwenye ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, inapunguza mwendo, inabiringika, inasimama, inajipenyeza. Ikifika ng'ambo inakutana na seli zinazokaa pembeni ya mshipa zikiwa zimeshika vipande vya protini na kuvionyesha kwa anayepita, na kimojawapo ni cha mayelini. Inakitambua. Inaamka mara ya pili, na hii mara ya pili ndo mbaya zaidi, manake sasa imeshaingia.

Kinachofuata sio seli moja kumpiga mwenzake, ni ghasia. Seli T zinamwaga kemikali za kuita wengine, ukuta unavuja, makrofaji, zile seli za kinga zinazokula, kutoka kwenye damu zinamiminika ndani, zile maikroglia za Río-Hortega zinawaka, seli B, ukoo wa seli unaotoa kingamwili, zinaingia nazo, kingamwili zinanata kwenye mayelini, na protini za komplimenti, ni za kinga pia hizi, zinatoboa. Kuna na seli T za aina ya CD8, hizi ukihesabu kwenye madoa ya ubongo wa mgonjwa, yaani sehemu zilizoshambuliwa, mara nyingi ndo nyingi kuliko za CD4, zile za kuchochea wenzake, nazo silaha yake ni kutoboa seli na kuingiza vimeng'enya vya kuiua. Ukiweka kipande cha ubongo huo chini ya maikroskopu unaona makrofaji zimeshiba, tumboni zina vipande vya mayelini kabisa, unaviona kwa macho yako.

Na oligodendrosaiti maskini haina pa kujificha. Ni kati ya seli zenye chuma kingi kuliko zote kwenye ubongo, inakihitaji chuma kwa kazi yake ya kutengeneza mafuta mengi vile, lakini chuma hichohicho kukiwa na kemikali kali za oksijeni kinageuka hatari, na dawa ya asili ya kuzizima kemikali hizo yenyewe inayo kidogo. Glutamati, kemikali ambayo neva zinapeana ishara nayo, ikizidi pembeni yake inaiua. Kwa hiyo hata ile ambayo hakuna seli T iliyoigusa inaweza kufa kwa moshi tu.

Halafu mwaka 2018 ikatoka habari ambayo mimi binafsi ilinisumbua. Watafiti wa Karolinska, Stockholm, waliangalia jeni zinazofanya kazi ndani ya oligodendrosaiti moja moja za panya wenye ugonjwa unaofanana na MS, wakakuta baadhi zimewasha jeni za kinga, zile zinazotumika kuonyesha vipande vya protini kwa seli T. Yaani seli tuliyodhani ni mhanga tu aliyekaa kimya, inawezekana inaongea na washambuliaji, pengine hata inawachochea bila kujijua. Sijui mnaliona uzito wake. Miaka yote tumechora picha ya mkorofi na mnyonge, kumbe mnyonge naye ana maneno.

Mnataka kuona haya yote yanavyopita kwenye maisha ya mtu? Augustus d'Este, mjukuu wa mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Mwaka 1822, kijana wa miaka 28, baada ya mazishi ya ndugu yake aliyempenda sana, macho yakashika ukungu, hawezi kusoma barua, inabidi asomewe. Baada ya muda macho yakarudi yenyewe, hakuna alichofanyiwa. Miaka ikapita, yakarudi tena, yakapona tena. 1827 akiwa Florence akaanza kuona vitu viwiliviwili, halafu miguu ikaishiwa nguvu, ikapata nafuu kidogo, ikalegea tena, na kila nafuu ikawa pungufu kuliko iliyopita, mpaka akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alikufa 1848. Yote haya aliyaandika kwenye shajara yake, na ugonjwa wenyewe haukuwa na jina, Jean-Martin Charcot alikuja kuueleza vizuri kule Paris mwaka 1868, miaka 20 baada ya d'Este kuzikwa.

Nawauliza wanafunzi: kwa nini macho ya d'Este yalirudi? Kwa sababu uvimbe ulishuka, neva iliyobaki uchi ikajipanga upya milango yake ya sodiamu ili ishara ipite hata bila kuruka, na mayelini kidogo ikarudi, ingawa nyembamba. Na kwa nini mwishoni miguu haikurudi? Njaa. Nyuzi zenyewe zilikufa. (Na kwa walioniuliza kabla ya kikao kuhusu joto: uzi uliobanduka upo ukingoni kabisa, mwili ukipanda joto hata kidogo ishara inakwama, Wilhelm Uhthoff mwaka 1890 aliandika jinsi macho yanavyofifia mgonjwa akijichosha kwa mazoezi. Ukipoa inarudi. Hilo sio shambulio jipya, usiogope.)

Turudi kwenye swali la nani anaziamsha seli T. Jeni zina mkono wake, kuna aina moja ya jeni za HLA, zile za kuonyesha vipande vya protini kwa seli T, ambayo ukiwa nayo hatari inapanda kama mara tatu. Lakini chukua mapacha wanaofanana kabisa, mmoja ana MS, mwenzake anaipata kama mara moja kati ya nne hivi. Jeni zilezile! Kwa hiyo kuna kitu cha nje. Sigara imo, upungufu wa vitamini D umo, unene wa kupita kiasi wakati wa ujana umo. Na kuna mkubwa wao, kirusi cha Epstein-Barr.

Kirusi hiki karibu kila mtu mzima duniani anacho, kinakaa ndani ya seli B maisha yote, kimya. Sasa utathibitishaje kwamba kitu ambacho kila mtu anacho kinasababisha ugonjwa ambao watu wachache wanao? Utampata wapi asiyenacho umfananishe? Kjetil Bjornevik, Alberto Ascherio na wenzao wa Harvard walipata njia. Jeshi la Marekani huwa linawapima askari wake virusi vya ukimwi mara kwa mara na kuhifadhi damu. Damu za watu zaidi ya milioni 10, miaka 20. Wakawatafuta walioanza kuumwa MS wakiwa jeshini, wakapata 801 wenye sampuli za kutosha. Kati ya hao, 35 damu yao ya kwanza haikuwa na dalili ya Epstein-Barr. Wangapi kati ya 35 waliambukizwa kabla MS haijaanza? 34. Hatari ilipanda mara 32 baada ya maambukizi, na ukiangalia kirusi kingine kinachoambukizwa kwa njia hiyohiyo ya mate, hakuna kitu, hatari haikupanda. Wakapima tena kitu kingine, protini inayovuja kwenye damu neva zikiumia, nayo ilipanda BAADA ya maambukizi, sio kabla. Hii ilitoka Januari 2022 na kelele zake mpaka leo hazijaisha.

Mwezi huohuo watafiti wa Stanford wakaonyesha njia moja inayowezekana. Kwenye maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wa MS walikuta kingamwili inayoshika protini moja ya kirusi hiki, EBNA1, na kingamwili hiyohiyo inashika protini ya GlialCAM, ambayo ni ya seli zetu wenyewe ndani ya ubongo, oligodendrosaiti zikiwemo. Zinafanana kipande kidogo tu. Hicho kipande kidogo kinatosha kuikosesha njia kinga. Ila nisiwadanganye, haipo kwa wagonjwa wote, ipo kwa sehemu yao, na watu wengi wana Epstein-Barr na hawapati MS maisha yao yote. Kirusi kinahitajika, hakitoshi peke yake. Kwa hiyo wewe uliyepata, usianze kutafuta nani alikuambukiza, hiyo hesabu haina faida.

Dawa sasa, najua ndo mliyokuwa mnasubiri. Sitapita moja moja, muulizeni daktari wako, mimi nachukua mbili kwa sababu zimetufundisha ugonjwa wenyewe.

Ya kwanza natalizumab. Mnakumbuka ile integrini, protini ya kunata? Mwaka 1992 Ted Yednock na wenzake walionyesha ukiiziba kwa wanyama, seli za kinga hazishiki ukuta, haziingii, na mnyama haumwi. Wazo zuri la kupita kiasi, usiiue seli ya kinga, izuie mlangoni tu. Novemba 2004 dawa ikaruhusiwa Marekani, na mashambulizi yakapungua kwa zaidi ya nusu. Watu walishangilia. Februari 2005 ikasimamishwa. Kwa nini? Wagonjwa wachache walipata ugonjwa mwingine wa ubongo unaoitwa PML, unaosababishwa na kirusi cha JC ambacho zaidi ya nusu ya watu wanacho kimelala. Na kirusi cha JC kinaua seli gani? Oligodendrosaiti! Jamani, mnaiona? Umewazuia walinzi wasiingie kwa sababu wanaua oligodendrosaiti, kumbe walinzi haohao ndo waliokuwa wanaizuia JC isiziue seli hizohizo. Sijawahi kuona somo kali kuliko hili kwenye tiba ya kinga. Dawa ilirudi 2006 ikiwa na masharti, leo unapimwa damu kama una kingamwili za JC kabla na wakati wa kutumia, na kwa mtu sahihi ni dawa nzuri sana. Ndo maana ukiambiwa urudi kupima, RUDI, usione ni usumbufu wa hospitali.

Ya pili ni habari ya seli B. Kwa miaka mingi wote tulikuwa seli T, seli T, seli T, kwa sababu ya wale panya wa 1981. Stephen Hauser wa San Francisco akasisitiza kwamba seli B zina mkono mkubwa, akaomba fedha za utafiti, akajibiwa haielekei. Hakukata tamaa, jaribio likafanyika kwa dawa ya rituximab inayofuta seli B, majibu yakatoka 2008, na madoa mapya kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, yalipungua kwa 91 kwa mia. Tisini na moja! Kutoka hapo ikaja ocrelizumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, ya kwanza kuruhusiwa hata kwa ile MS inayoanza kwa kuzidi polepole bila mashambulizi.

Kitu kitamu ni hiki hapa. Madoa yalipungua ndani ya wiki chache, wakati kingamwili kwenye mwili zilikuwa bado zipo karibu vilevile, manake seli zinazotema kingamwili kwa wingi hazina ile alama ambayo dawa inaitafuta. Kwa hiyo seli B haikuwa inaumiza kwa kingamwili tu, inaelekea ilikuwa inaumiza kwa kumshikia seli T kipande cha mayelini na kumwambia huyu hapa. Seli T na seli B wanafundishana uovu, na ukimtoa mmoja somo linavunjika. Na kumbukeni Epstein-Barr inaishi wapi.

Sasa naomba msikilize sehemu hii ya mwisho vizuri, ni ile ninayoona inasemwa kidogo kuliko zote. Dawa zote nilizotaja zinazuia shambulio. Hakuna hata moja inayorudisha oligodendrosaiti iliyokufa. Ni kazi mbili tofauti kabisa, na watu wanazichanganya, mtu anatumia dawa mwaka mzima anasema mbona mguu haujarudi, dawa ni feki. Sio feki. Haikuja kwa ajili ya mguu wa jana, imekuja kwa ajili ya jicho la kesho.

Ubongo hauna namna ya kujitengeneza? Unayo, kiasi. Kuna seli changa zilizotawanyika kwenye ubongo wote ambazo zinaweza kukua zikawa oligodendrosaiti, na kwa panya ndo zinazofanya kazi ya kuvisha upya. Tukadhani na kwa binadamu ni hivyohivyo. Jonas Frisén na wenzake, Karolinska tena, walikuwa na njia ya ajabu ya kujua umri wa seli. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 mpaka mkataba wa 1963 yaliijaza hewa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, kwenye DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati huo, halafu ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukipima kaboni 14 kwenye DNA ya seli unajua imezaliwa lini. Wakapima ubongo wa waliofariki. Mwaka 2014 wakasema: oligodendrosaiti za sehemu nyeupe ya ubongo zinakamilika utotoni, na baada ya hapo inabadilishwa kama 1 kati ya 300 tu kwa mwaka. Mwaka 2019 wakaenda kwenye madoa ya MS yaliyojivisha upya, wakitegemea kukuta seli mpya. Wakakuta za zamani. Seli zilezile zilizonusurika kwenye shambulio ndo zilizorudi kuvisha.

Mnaona inamaanisha nini? Kama matengenezo kwa binadamu yanategemea zaidi zilizonusurika, basi kila oligodendrosaiti unayoiokoa leo ni fundi wa kesho. Ndo maana mimi ni mkali sana na habari ya kuchelewa. Mtu kapata shambulio la kwanza, macho yamerudi, akasema nimepona, dawa za nini, nitasubiri nione. Unasubiri nini? Wakati unasubiri, doa jipya linaweza kuja bila dalili yoyote, MRI inaliona wewe hulioni.

Za kuvisha upya zinatafutwa. Clemastine, dawa ya zamani ya mzio, mwaka 2017 ilijaribiwa kwa wagonjwa 50 wenye neva za macho zilizoumia siku nyingi, na ishara kutoka jichoni kwenda ubongoni ikaongeza mwendo kidogo. Kidogo kweli, milisekunde 1.7, mgonjwa mwenyewe hawezi kuisikia, na iliwachosha watu. Lakini ilionyesha kwamba neva iliyoumia zamani sio lazima iwe imefunga hesabu. Naomba msitoke hapa mkaenda kuinunua, haijafika huko, na kwa mwenye MS uchovu tayari ni mzigo, usijiongezee.

Naona mikono mitatu imeshainuka, na dada wa pembeni pale ameinua tangu kwenye kirusi cha JC. Tuanze na yeye, halafu mzee, halafu kijana wa cheti.